UZI: Sophie Taeuber-Arp, fundi wa sindano aliyewekwa kwenye noti ya Uswisi

#1 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wa rika langu salaam.

Leo nawaletea habari za mama mmoja wa Uswisi ambaye kazi zake nazifuatilia kwa miaka kadhaa sasa. Ilianza siku nilipoona mtandaoni picha ya kipochi cha shanga. Miraba, pembetatu, rangi zimepangwa kwa utulivu wa ajabu. Nikadhani kimeshonwa juzi na kijana fulani wa mitindo. Kusoma maelezo chini ya picha, kina zaidi ya miaka 100. Mimi ni fundi cherehani na mama yangu alitulea kwa kufuma vitambaa vya makochi, kwa hiyo najua kazi ya mkono ikiwa imetulia. Ile ilikuwa imetulia.

Aliyekishona ni Sophie Taeuber-Arp. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1889 huko Davos, mji wa milimani ambako wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakipelekwa kupata hewa safi. Baba yake alikuwa mfamasia, alifariki Sophie akiwa na miaka miwili tu. Mama akabaki na watoto, akahamia Trogen upande wa Appenzell, akafungua nyumba ya wageni ili maisha yaende. Mama huyo ndiye aliyemshikisha binti yake sindano.

Naomba msiipite haraka hiyo Appenzell. Ile sehemu ya mashariki ya Uswisi, pamoja na mji wa jirani wa St. Gallen, ilikuwa inaishi kwa darizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 darizi ndiyo bidhaa iliyokuwa inaongoza katika mauzo ya Uswisi nje ya nchi, kabla hata ya saa ambazo sote tunazisikia. Kwa hiyo binti alikulia mahali ambapo uzi ulikuwa mshahara wa watu. Akasoma uchoraji wa michoro ya vitambaa palepale St. Gallen, kisha mwaka 1911 akaenda München, Ujerumani, kwenye shule ya Debschitz. Shule hiyo haikuwatenga wachoraji na mafundi. Mwanafunzi wa kuchora alikuwa anaingia karakana. Hapo Sophie akajifunza kufuma, na akajifunza kukereza mbao. Kukereza mkukumbuke, tutakurudia. Katikati alitoka kidogo akasoma Hamburg, akarudi. Vita vya 1914 vilipoanza akarejea Uswisi, akatua Zürich.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi huu.

Ukisoma maandishi mengi kuhusu sanaa ya kisasa, utaambiwa miraba na mistari iliyonyooka ilizaliwa kwenye vyumba vya wachoraji wa rangi: Malevich kule Urusi, Mondrian Uholanzi. Ni kweli, Malevich alionyesha mraba wake mweusi Desemba 1915. Lakini mwaka huohuo wa 1915, na 1916, Sophie Taeuber alikuwa Zürich anatengeneza michoro ya miraba iliyosimama na kulala, tena hakuifikia kwa kuvunjavunja sura za vitu mpaka zikawa miraba. Aliikuta kwenye kitambaa.

Mafundi wenzangu mtanielewa. Kitambaa kina mtande na mshindio, uzi unaosimama na uzi unaolala, basi. Ukishona kwa kuhesabu nyuzi, huwezi kupata mviringo. Utapata ngazi. Kila tone la rangi ni kijiraba, liko hapa au liko pale, hakuna katikati. Wachoraji walihangaika miaka kufika kwenye sheria hiyo, na yeye alikuwa ameishika mkononi tangu utotoni Trogen. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza la kumjua: mraba wake umetoka kwenye uzi. Nikiona makumbusho yanamtambulisha kwanza kama mchoraji wa rangi halafu mwishoni "pia alishona", naona wamemshika kwa miguu.

Nitaendelea na ndoa, dansi na vikaragosi baada ya sala.

#2 MpitaNjia

Natia kambi hapa. Bi mkubwa shusha nondo.

#3 Kerezo

Umenigusa kwenye kukereza. Mimi ni seremala, naomba sehemu hiyo usiikate.

#4 MwalimuWaZamani

Dada yangu, uzi mzuri. Ila kabla hujaenda mbali: nimesoma kidogo nikaona anaitwa msanii wa "Dada". Wasomaji wengi hapa watadhani ni akina dada. Tufafanulie.

#5 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Mwalimu shikamoo, umenisaidia.

Dada hii haina uhusiano na dada wetu wa Kiswahili. Ni jina ambalo kundi la wasanii na washairi walilichagua Zürich mwaka 1916. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinaua vijana kwa maelfu, na Uswisi haikuwa upande wowote, kwa hiyo watu waliokimbia vita kutoka kila pembe ya Ulaya walijikuta kwenye mji mmoja mdogo. Tarehe 5 Februari 1916 Hugo Ball na Emmy Hennings, Wajerumani wawili, wakafungua ukumbi mdogo unaoitwa Cabaret Voltaire. Walikuwa wanasoma mashairi yasiyo na maneno ya lugha yoyote, wanapiga ngoma, wanavaa vinyago. Hoja yao ilikuwa kwamba akili na ustaarabu uliojisifia ndio ulioleta mauaji yale, basi wao wataanza upya na sauti tupu.

Sophie aliwafikia kupitia Hans Arp, mshairi na mchongaji kutoka Strasbourg. Walikutana Novemba 1915 kwenye maonyesho ya Arp na wenzake katika Galerie Tanner, na ndani ya maonyesho hayo kulikuwa na kazi za kufuma na kutarizi zimetundikwa ukutani. Napenda sana kwamba uzi ndio uliokuwa ukutani siku walipoonana. Wakaanza kutengeneza kazi pamoja, za karatasi na za nyuzi, mpaka nyingine huwezi kusema mkono upi ni wa nani. Walioana 20 Oktoba 1922 katika kijiji cha Pura, upande wa Uswisi wanakosema Kiitaliano.

Lakini kuna kitu watu hukiruka, nacho ni mshahara. Kuanzia 1916 mpaka 1929 Sophie alikuwa mwalimu wa kutarizi na kubuni vitambaa katika shule ya ufundi na sanaa ya Zürich. Miaka 13. Arp alikuwa msanii asiye na kipato cha uhakika, na mkate wa nyumba ile kwa miaka mingi ulitoka kwenye ualimu wa mkewe. Mchana anakagua mishono ya wanafunzi, usiku anacheza dansi na wana-Dada.

Na alicheza kweli. Alisoma dansi kwa Rudolf von Laban, mwalimu aliyebadilisha dansi ya Ulaya. Galerie Dada, ukumbi wa maonyesho wa kundi lile, ilipofunguliwa Machi 1917 alicheza kwa kufuata mashairi ya Hugo Ball yasiyo na maneno, amevaa kinyago kilichotengenezwa na mwenzao Marcel Janco. Husimuliwa kwamba kinyago kilimsaidia pia asitambulike, maana uongozi wa shule haukufurahia walimu wake kujichanganya na kundi lile. Mwalimu ambaye mshahara wake unalisha watu wawili ana sababu nzuri ya kuficha uso.

#6 Mswahili_Halisi

Hapo kwenye vinyago na ngoma mbona unapita kimya? Hao Wazungu walichukua vya Afrika. Hata huko Cabaret Voltaire walikuwa wanaimba "nyimbo za watu weusi" za kubuni. Tusisifie tu.

#7 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Kaka, uko sahihi na sitakupinga. Walikuwa na kawaida ya kutangaza jukwaani nyimbo walizoziita za Waafrika, nyingi zikiwa sauti walizozitunga wenyewe, na vinyago vyao viliiga vya kwetu na vya visiwa vya bahari ya Pasifiki bila hata jina moja la mchongaji. Waliona kwetu hakuna akili, kuna sauti na mwili tu, na wakaipenda picha hiyo kwa sababu walikuwa wameichoka akili yao. Hilo ni kosa lao na linabaki kosa. Sophie naye alitengeneza mavazi ya kuiga wanasesere wa Wahopi, wenyeji asilia wa Marekani, kwa hiyo simtoi.

Ninachoweza kusema ni kwamba kazi zake za shanga na miraba ukizitazama hazijifanyi za watu wengine. Zile ni za Appenzell na za darasani.

#8 Kerezo

Kukereza bado tunasubiri.

#9 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Haya fundi, hii ni yako.

Mwaka 1918 shule yake ilianzisha jukwaa la vikaragosi, wale wa kuning'inizwa kwa nyuzi. Sophie akapewa igizo la König Hirsch, yaani mfalme anayegeuka paa, hadithi ya zamani ya Mwitaliano Carlo Gozzi, ila waliibadilisha wakaweka ndani yake waganga wa nafsi wa mtindo wa Freud na Jung, maana Zürich ndipo mabishano hayo yalipokuwa yamepamba moto. Mmoja anaitwa Freud Analytikus, mwingine Dr. Komplex.

Kabla ya hapo vikaragosi vilitengenezwa vifanane na watu: uso wa udongo au mbao, nywele, nguo za kuficha viungo. Yeye akaenda kwenye kerezo. Akakereza maumbo ya pia, mitungi midogo, tufe, vijiti, akaviunganisha kwa vikulabu na kuviacha vikulabu vionekane. Kiungo hakifichwi. Mkono ni vipande vya duara vinavyofuatana, shingo ni kijiti, sketi ni pia iliyopinduliwa. Kisha rangi, na vipande vichache vya kitambaa na manyoya. Walinzi wa mfalme amewaunda kuwa mwili mmoja wenye mikono mingi iliyoshika mapanga na miguu mingi, kama mashine inayotembea. Kumbuka huo ni 1918, neno "roboti" lilikuwa halijaingia duniani, lilikuja na tamthilia ya Kicheki ya Karel Čapek miaka miwili baadaye.

Igizo lilionyeshwa mara chache tu Septemba 1918. Homa kubwa ya mafua ilikuwa inasambaa na kumbi zikafungwa. Vikaragosi vyenyewe vipo mpaka leo, vinatunzwa na makumbusho ya ubunifu, Museum für Gestaltung, pale Zürich.

Kisha zikaja zile zinazoitwa vichwa vya Dada, kati ya 1918 na 1920. Mbao iliyokerezwa iwe na umbo la yai juu ya kikanyagio, ukubwa wa vile vibao vya kutundikia kofia dukani, na uso umepakwa kwa maumbo: pua ni kabari iliyochomoza, jicho ni nusu duara, upande mmoja rangi hii, mwingine ile. Kimojawapo ni sura ya Hans Arp. Kingine, ambacho sasa kiko New York kwenye jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, kina shanga zilizotungwa kwenye waya pembeni kama hereni, na urefu wake haufiki hata rula ya shule. Kuna picha ya 1920 iliyopigwa na Nicolai Aluf, Sophie amejificha nusu uso nyuma ya kichwa kimojawapo. Jicho lake moja na jicho moja la mbao vinakutazama kwa pamoja. Nimeichapisha, iko ukutani juu ya cherehani yangu.

#10 Kerezo

Ahsante sana. Nimeitafuta picha ya vile vikaragosi nikaikuta. Sisi tukikereza mguu wa kitanda tunafanya umbo hilohilo, gololi, shingo, gololi. Yeye alichukua mguu wa kitanda akaupa roho. Nimekaa nao mezani tangu mchana.

#11 HojaKwanza

Samahani, mimi nitakuwa mkweli. Nimetazama hizo kazi za miraba. Mwanangu wa darasa la pili anaweza kuchora. Kwa nini tuite sanaa?

#12 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Mkuu, swali lako ni la haki, na ningependa ulijibu mwenyewe kwa mikono yako. Chukua daftari la hesabu, lile la miraba. Tafuta rangi tano. Jaza ukurasa mzima miraba na mistatili, bila duara, bila kurudia mpangilio kama kanga, na bila upande mmoja kuzidi mwingine uzito. Utaona kwamba ukiweka nyekundu moja kulia juu, kushoto chini panaanza kulalamika. Ukiweka nyeusi nyingi katikati, ukurasa unazama. Ukiweka kila kitu sawasawa, unalala usingizi.

Yeye alikuwa anafanya hivyo kwa uzi wa sufu, ambapo kosa halifutiki kwa raba. Inabidi ufumue.

Na alilifundisha darasani. Mwaka 1922 aliandika makala kuhusu namna ya kufundisha ubunifu wa mapambo, na mwaka 1927 yeye na mwalimu mwenzake Blanche Gauchat wakatoa kitabu cha mwongozo cha kuchora kwa wanaosomea kazi za nguo. Aliamini kwamba hamu ya mtu kupamba vitu vyake ni ya kale na ya kweli, ila ni lazima umbo litokane na kitu chenyewe. Foronya ni foronya. Usichore mandhari ya ziwa juu ya foronya halafu mtu aweke kichwa juu ya ziwa.

#13 MbaliNaNyumbani

Naandika kutoka Zürich, nipo huku miaka 19. Nilivyoona jina nikashtuka, maana huyu mama nilimbeba mfukoni miaka yote ile bila kumjua! Noti ya faranga 50, ile ya kijani, ndiye aliyekuwa usoni. Nilidhani ni mke wa rais fulani.

#14 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipopatia kichwa cha uzi.

Noti ile ilitoka mwaka 1995, ikiwa noti ya kwanza ya mfululizo wa nane. Kabla ya hapo noti za Uswisi zilikuwa na wanawake wa kufikirika tu, wale wa kuwakilisha nchi au fadhila, hakuna mwanamke mwenye jina na kaburi lake. Yeye ndiye wa kwanza. Kwenye mfululizo ule wenzake wote walikuwa wanaume: Le Corbusier kwenye 10, Honegger kwenye 20, Giacometti kwenye 100, Ramuz kwenye 200, Burckhardt kwenye 1000. Na nyuma ya noti waliweka kazi zake, mojawapo ni kichwa cha Dada.

Noti hizo ziliondolewa kwenye matumizi mwaka 2021, ingawa benki kuu yao bado inazibadilisha. Mfululizo mpya hauna sura ya mtu yeyote. Badala yake, kila noti imechorwa mkono wa binadamu.

#15 MbaliNaNyumbani

Kweli kabisa, mikono. Ninayo hapa ya 50, mkono umeshika ua lile la mbegu zinazopeperuka ukilipuliza. Sikuwahi kuwaza.

#16 HojaKwanza

Bi mkubwa, nimejaribu daftari. Nimechana kurasa nne. Naomba uendelee.

#17 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Mungu akubariki kwa kujaribu.

Naendelea na majengo, kwa sababu hapa ndipo mshonaji alipoingia kwenye ukuta.

Pale Strasbourg, uwanja wa Place Kléber, kuna jengo refu la karne ya 18 linaitwa Aubette. Ndugu wawili, Paul na André Horn, walikuwa wamepata kibali cha kuligeuza liwe mahali pa starehe: mgahawa, ukumbi wa dansi, sinema, chumba cha chai. Mwaka 1926 walimwendea Sophie awapambie. Narudia, walimwendea yeye. Kazi ilipoonekana kubwa mno ndipo akamwingiza mumewe, na wawili wakamwita Theo van Doesburg, Mholanzi wa kundi la wasanii la De Stijl. Leo vitabu vingi vinaanza na jina la van Doesburg kana kwamba wengine walikuwa wasaidizi wake.

Sophie alichukua chumba cha chai, baa, na kile chumba cha kupumzikia cha ghorofani. Mistatili yake ya kitambaa ikapanda ukutani, ikaenda mpaka darini, rangi za kijivu, nyekundu, bluu zikigawana chumba. Van Doesburg aliigeuza miraba yake pembe kwa ukumbi wa sinema na dansi, inakupigia kelele. Ya Sophie inakuacha unywe chai. Nimetazama picha za vyumba vyote viwili na kama ningepewa kimoja nikae, ningekaa chake.

Ilifunguliwa 17 Februari 1928, na wateja hawakuipenda. Wenye jengo wakaanza kuongeza mapambo ya kawaida, mazulia, maua, na miaka kumi baadaye kazi yote ilikuwa imefunikwa au kubomolewa. Ilikaa chini ya plasta muda mrefu. Baadaye wakachimbua ghorofa ya kwanza na kuirudisha, kazi iliyokwenda kwa awamu mpaka 2006, na sasa vyumba vya juu vinatembelewa na watu. Chumba cha chai cha chini hakikurudi.

Kwa fedha za kazi hiyo wakajenga nyumba Clamart, karibu na Paris, na ramani akachora Sophie mwenyewe. Nyumba ya mawe ya pale pale mtaani, umbo la sanduku lililonyooka, ghorofa, karakana ndani. Walihamia mwaka 1929, akaacha ualimu. Hata samani alizibuni: makabati madogo ya mbao ambayo unaweza kuyapanga juu kwa juu au ubavu kwa ubavu kadiri chumba kinavyotaka. Tukiona leo kabati za vipande tunadhani ni uvumbuzi wa maduka ya juzi. Nyumba ile sasa ni makumbusho ya wakfu wa Arp.

Miaka ya thelathini ndipo duara liliposhika nafasi kubwa kwenye kazi yake. Duara linaelea, linagusa mstari, linaning'inia. Ukiwa umemfuata tangu kwenye mtande na mshindio, unaona jinsi alivyolipa duara chombo cha kulibeba, rangi na mbao, badala ya kulilazimisha kwenye kitambaa. Kisha anakata mbao kwa msumeno, anaweka tabaka juu ya tabaka, mashimo ya duara yanakuonyesha rangi ya nyuma. Kuanzia 1937 mpaka 1939 alihariri pia jarida la sanaa lililoitwa Plastique, Paris.

#18 MwalimuWaZamani

Naomba kupinga kidogo. Unaeleza kana kwamba mumewe alimfunika. Arp baada ya kifo chake alimwandikia mashairi kwa miaka mingi na kusema wazi kwamba yeye Arp alijifunza kwake. Si wasanii wengi wanaokiri hivyo kuhusu wake zao.

#19 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Mwalimu, hilo nalipokea. Arp alimpenda na alimtaja, na bila yeye kazi nyingi huenda zingepotea. Mwaka 1948 kilitolewa kitabu kikubwa cha kazi za Sophie na Arp alikuwa nyuma yake.

Ila ninalolilalamikia haliko kwa mume peke yake. Liko kwenye tabia ya kuweka mchoro wa rangi chumba cha mbele na foronya stoo. Kwa miongo mingi maonyesho yalitanguliza picha zake na mbao zake, na mito, vipochi, vitambaa vya meza vikabaki kama vitu vya nyumbani. Ni mwaka 2021 tu ndipo maonyesho makubwa yaliyozunguka Basel, London na New York yalipoweka shanga, vikaragosi, vioo vya rangi, samani na michoro vyote katika safu moja. Kwetu mtu anayedarizi kofia ya viua ni fundi, anayekereza ni fundi, anayejenga ni fundi, neno ni moja. Kwao maneno yalikuwa mawili, msanii na fundi, na msanii peke yake ndiye aliyekula mezani.

#20 BibiWaKofia

Mwanangu nimesoma wote. Mimi nimedarizi kofia miaka 40. Alikufaje huyu?

#21 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Shikamoo bibi.

Juni 1940 Wajerumani walipokaribia Paris, yeye na mumewe waliiacha nyumba ya Clamart wakakimbilia kusini, mwishowe Grasse, mji wa manukato. Huko waliishi karibu na Sonia Delaunay na Alberto Magnelli, wasanii wenzao wakimbizi. Vifaa vilikuwa haba, kwa hiyo akachora kwa mistari kwenye karatasi: mstari mmoja mrefu unajipinda, unakatika, unarudi. Mimi nikiitazama naona uzi uliotoka kwenye kitambaa ukaamua kutembea wenyewe. Walitafuta njia ya kwenda Marekani, haikupatikana. Novemba 1942 wakaingia Uswisi.

Zürich walipokelewa na marafiki. Usiku wa 12 kuamkia 13 Januari 1943 alilala nyumbani kwa Max Bill, mbunifu na mchongaji, mtaa wa Höngg. Ilikuwa baridi kali. Jiko la chumbani halikuwa limefungwa inavyotakiwa, ile hewa yake ya sumu isiyo na harufu ikajaa, hakuamka. Bibi, ni kifo kilekile cha jiko la mkaa tunachokisikia kwetu kila msimu wa baridi nyanda za juu. Zilibaki siku sita atimize miaka 54.

#22 BibiWaKofia

Inna lillahi. Maskini mtoto wa watu.

Nina jambo la kukuambia. Umesema kwa kuhesabu nyuzi duara halipatikani. Kwenye kofia duara lipo, kwa sababu sisi hatuhesabu, tunachora kwanza kwa penseli kisha tunafuata. Lakini nilipokuwa msichana nilifundishwa pia ule wa kuhesabu, kwa vitambaa vya meza, na mwalimu wangu alikuwa akituambia tuanzie katikati ya kitambaa, kamwe tusianzie pembeni. Huyu mama alianzia wapi?

#23 SindanoNaUzi (mleta uzi)

Bibi, tangu umeuliza nimefungua tena picha zote nilizonazo na kuzikuza mpaka nyuzi zinaonekana. Kuna kazi moja ya sufu ya miaka ile ya mwanzo ambayo miraba ya katikati imebana na kukaa sawa, na ya pembeni imelegea kidogo, tena imekatwa nusu na ukingo. Anayeanzia pembeni hukatwa upande wa mwisho peke yake, na upande alioanzia unakaa mzima. Huyu amekatwa pande zote nne.

Nitakuletea picha hiyo Ijumaa nikija sokoni, uitazame kwa macho yako.